Nyundo Nyuma ya Mlango

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Nakusalimu, na kama salamu yangu ni nzito mkononi mwako, iweke chini uendelee kusoma. U mzima? Watoto je, kama unao? Mimi nipo kitandani, chumba cha mbele. Mapafu yamechoka, miguu imevimba, na daktari siku hizi akija anazungumza na muuguzi badala ya kuzungumza nami, kwa hiyo najua nilipofika. Akili bado iko sawa. Ndiyo maana naandika sasa.

Muuguzi huyo ni mama mtu mzima, mcheshi, anayejiandaa kwa mtihani wa shule aliyoikatisha alipokuwa msichana. Akinigeuza upande huu na ule hunisomea masomo yake, maana anasema mimi nimesoma mpaka nimezidi, basi nifae kitu. Wiki iliyopita aliniletea swali: "Eleza jinsi shairi hili linavyosawiri uhusiano wenye mgogoro kati ya baba na mwana." Kisha akalisoma shairi lenyewe, taulo begani. Nililijua kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

Baba kashika mkono, akautia chumani,
ikatoka kama wino, damu yangu vidoleni;
mama hakutoa neno, nyundo yake vitabuni;
hauwaziki mkono, uliokufa zamani.

Alipofunga kitabu alisema, "Huyu baba angekuwa mgonjwa wangu, ningemuogesha kwa maji ya baridi." Nikacheka naye. Halafu nikamfafanulia: kwamba baba ni fundi wa kujalidi vitabu, kwamba chuma ni kile cha kubania vitabu gundi ikiwa mbichi, kwamba nyundo ni ya mama, ambaye kazi yake ni kugonga migongo ya vitabu mpaka iviringe vizuri. Akataka kujua nimeyatoa wapi. Nikamwambia yamo humohumo. Hajui kwamba wewe ni mwanangu. Jina unaloandikia si langu.

Sikulaumu. Shairi ni zuri, vina vimekaa, na mistari miwili ya kwanza ni kweli tupu. Lakini upo mstari mmoja wa uongo, na uongo wenyewe si wako. Nijibu tu kama uko tayari kuusikia, maana nikishausema siwezi kuurudisha.

Ni mimi, baba yako

Tarehe 21 Februari

Mzee,

Shikamoo. Umri wako ndio ninaouamkia, si wewe. Mimi mzima. Watoto ninao, na hawajui kama upo.

Mstari gani ni uongo? Wa damu? Vidole vyangu vitatu bado havikunjiki, njoo uvipime. Naandika kwa kushoto, nakula kwa kushoto, na mwanangu wa kwanza nilimpakata kwa kushoto nikiogopa kumwangusha. Nakumbuka ulivyolizungusha lile gurudumu la kukazia chuma taratibu, kama unabana kitabu cha mteja usije ukakiharibu. Nikikumbuka hivyo natamani nikukute ungali na nguvu zako, nikulaze palepale, nikuvunje kidole kimoja kimoja, na kila kikikatika nikuulize kama vina vimekaa.

Na usijaribu kumtia mama humu. Wewe ulikuwa mnyama, nilikuwa nimekuzoea. Yeye ndiye aliyenimaliza. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, na nyuma ya ukuta nyundo yake ikaendelea, ko, ko, ko, kana kwamba kuna oda ya kumaliza. Kesho yake, nikiwa nimerudishwa kutoka hospitali, baba mdogo alipokuja kunichukua nyumbani, mama alikuwa amekaa kwenye stuli, kitambaa mdomoni. Hata kwaheri hakusema. Ndiyo maana sikuja kumzika.

Mashairi yangu yanachapishwa upya. Nayapeleka kwa mchapaji mwisho wa mwezi ujao. Kama una la kusema, liseme kabla ya hapo, lakini usitegemee kwamba nitagusa hata herufi kwa ajili yako.

Mwandishi wa shairi

Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe, sikumpa muuguzi. Shikamoo nimeipokea jinsi ulivyoituma. Nimefurahi kusikia una watoto. Mimi sijambo kiasi cha kushika kalamu, na hicho ndicho kiasi ninachohitaji.

Siji kubishana nawe juu ya vidole. Shida ya shairi lako ni kwamba limenihurumia.

Siku ile, ulipokuwa bado shuleni, nilikuta umeandika kwa penseli kwenye ukurasa mweupe wa mwisho wa kitabu cha wakili. Ulikuwa utani wa kitoto. Ulisema nashona maneno ya watu maisha yangu yote, na mimi mwenyewe sina hata moja. Nikampelekea mama yako mezani kwake auone upumbavu wako. Akausoma, akacheka, akasema, "Mtoto kakujua." Hakuwa na ubaya. Nilimshika nywele nikamburuta mpaka stoo ya karatasi, nikamsukuma ndani, nikatia komeo kwa nje. Alikuwa bado ameshika nyundo yake ya mti, kwa sababu nilimkuta kazini. Kisha nikakaa kukusubiri.

Ulipoingia ulisikia nyundo. Ulizaliwa na kukulia ndani ya mlio ule, hukuwa na sababu ya kuufikiria. Lakini siku ile, mwanangu, mbele yake hapakuwa na kitabu. Alikuwa anagonga mlango. Alisikia unavyolia, akaupiga mlango ule kwa nguvu zake zote, akiita jina lako. Stoo ilikuwa imejaa marobota ya karatasi mpaka darini, sauti ya mtu haikupenya, ni mlio wa mti tu uliopita. Kila ulipopaza sauti, naye alizidisha. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Nililizungusha gurudumu nikimsikia.

Fundi saa wa jirani alipokutoa pale na kukukimbiza hospitali, nilifungua komeo. Mama yako alitoka nyundo ikiwa juu, akanipiga kwenye mfupa wa bega. Mpaka leo bega hili liko chini, na muuguzi huniuliza nilianguka wapi. Angepiga la pili angeniua. Nilimnyang'anya nyundo nikampiga nayo ya taya. Ilitoa mlio mkavu, kama jalada jipya likikunjuliwa kwa nguvu. Akaangukia karatasi, akatema damu na meno juu ya kazi ya watu. Akiwa chini nikampiga tena.

Kitambaa ulichokiona kesho yake kilikuwa kimeshikilia taya lisining'inie. Baba mdogo wako nilimwambia ni jino. Hakusema kwaheri kwa sababu hakuwa na mdomo wa kuisemea.

Hiyo ni nusu. Nusu iliyobaki ni mbaya zaidi, maana hiyo niliifanya bila hasira. Unakumbuka alikufuata kwa baba mdogo, taya likiwa limeunga vibaya na maneno yanamtoka nusunusu. Hukumsubiri amalize. Ulimwambia arudi kwenye nyundo yake, ukafunga mlango. Alikuja nyumbani akanisimulia huku analia. Alidhani unamlaumu kwamba hakuugonga mlango kwa nguvu ya kutosha. "Ni kweli," aliniambia, "nilichelewa."

Palepale nikaelewa wewe ulikuwa unafikiri nini. Nilielewa mimi peke yangu kati yetu watatu, na neno langu moja lingewapatanisha. Sikulisema. Nilikuwa nachukiwa, na niliona nafuu kuchukiwa tukiwa wawili. Akafa akiamini alichelewa.

Huo ndio mstari wa uongo. Mwondolee mama yako mzigo ule kabla shairi halijaenda kwa mchapaji. Mimi usinipunguzie kitu. Kama nafasi ipo, niongezee. Na usiniamini bure: karakana niliiuza kwa seremala, na mlango wa stoo haujabadilishwa. Nenda ukautazame kwa ndani.

Baba yako

Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sijaona jibu na sikudai. Pumzi imekuwa fupi, barua nayo itakuwa fupi.

Muuguzi amepata alama nzuri kwa lile swali. Aliandika kwamba katika shairi mama ni mbaya kuliko baba, kwa sababu angeweza kuokoa na hakutaka. Mwalimu wake ameweka alama ya vema pembeni, kubwa, kwa wino mwekundu. Alinionyesha kwa furaha. Nimelala nikiitazama ile vema mpaka macho yakauma. Madarasa mangapi yanaandika hivyohivyo kuhusu mama yako, wakati mimi niko hapa nafunikwa shuka.

Mwisho wa mwezi umekaribia.

Baba yako

Tarehe 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nilikwenda. Seremala alinitazama kama kichaa nilipoomba kuona mlango wa stoo. "Milango mizuri ninayo huku mbele, ndugu yangu," alisema, "ule umeshaliwa." Nikamwambia ndio ninaoutaka. Umepakwa rangi, lakini rangi haikufunika kitu. Upande wa ndani umebonyea kote. Mashimo ya kwanza yako usawa wa uso wake. Chini yake yapo mengine, usawa wa kifua. Ya mwisho yako karibu na sakafu. Alipiga magoti akaendelea. Nilitia vidole vyangu vilivyokufa mle ndani, kimoja kimoja, na vinaenea.

Nilimwomba seremala nyundo. Alidhani nataka kurekebisha kitu. Nilitembea nayo mpaka mtaani kwako, mchana kweupe, nikasimama kwenye dirisha la chumba cha mbele. Nilikuwa nimeshaamua nianze na taya. Ulikuwa umelala mdomo wazi, muuguzi anakufuta shingo, na wewe kichwa kinafuata mkono wake kama cha mtoto mchanga. Nikaona hakuna kilichobaki cha kuvunja. Nyundo ya watu nikairudisha.

Kutoka hapo nilikwenda kaburini kwa mama. Nyasi zilikuwa zimelimeza. Niling'oa kwa mkono huuhuu mpaka ukatoka damu, nikamwambia hakuchelewa. Nilisema kwa sauti, watu wakanitazama.

Mstari wa tatu sasa ni huu, na mchapaji ameshaupokea:

mama hakukosa neno, nyundo yake mlangoni;

Wa nne ulikuwa wenu wawili. Sasa umekuwa wako peke yako, nimeandika "haukuziki mkono." Siku ikifika usinitazamie.

Nakuomba jambo moja. Msomee muuguzi shairi jipya, wewe mwenyewe, kwa sauti. Kisha mwambie baba huyo ni nani. Halafu akuogeshe kwa maji anayoyataka.

Mtoto wa mama

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Natumai barua hii imekukuta salama, wewe na wajukuu ambao sitawaona. Mstari wa tatu umekaa kuliko ule wa zamani. Wa nne nimeuelewa.

Leo mchana nilimsomea. Pumzi ilinikatika katikati, akanisubiri. Nilipomaliza alisikitika, akasema, "Basi nimemsingizia yule mama wa watu kwenye karatasi yangu." Nikamwambia aliyeandika ni mwanangu. Akatabasamu, akanipa hongera. Ikabidi nimwonyeshe bega na kumwambia sikuanguka popote, ni nyundo ya mama yule, na gurudumu nililizungusha kwa mkono wangu wa kulia.

Alilitazama bega, akalifunika shuka. Kisha akaenda kupasha maji, akarudi na beseni, maji ya vuguvugu kama siku zote. Alinisugua mgongo, miguu, hata lile bega. Mkono wa kulia aliuacha mkavu.

Baba yako