Gari la Kaka Yako Limegoma Tena

S.L.P. 418,
Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya zahanati.

Jumatano, tarehe 3 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za huko, habari za kazi, habari za mke wako na wale mapacha? Kikohozi kimekwisha, au bado unakidharau mpaka kikulaze kitandani? Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Kaka yako anakula vizuri na anabishana na redio kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na afya yake. Au subiri kwanza. Nitalifikia hilo.

Barua hii nimeianza mara tatu. Kila nikiketi nainuka, mara nichungulie jikoni, mara nichungulie dirishani kama lile gari bado lipo. Lipo. Leo haliendi popote, na sababu yake ndiyo ninayotaka kukueleza.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiliita mke mwenzangu. Miaka kumi na miwili kaka yako alimwendesha bosi wake ndani ya gari hilo, na bosi alipolichoka yeye akalinunua, akaingia nalo nyumbani siku ya kustaafu amevaa tai. Viti vya ngozi, vioo vya kubonyeza, upana wake hadi tukabomoa nguzo moja ya geti. Uzuri wake hata mimi siukatai. Lakini sasa limezeeka, shemeji, na linazeeka kwa kudeka.

Ilianza mifuko ya upepo inayolibeba badala ya springi. Ule wa nyuma kulia ukawa unavuja, basi asubuhi tunalikuta limekaa kitako upande mmoja kama ng'ombe anayecheua. Kikafuata kioo cha mlango wangu, kinashuka chenyewe mvua ikinyesha na hakipandi mpaka nikisukume kwa viganja. Pampu ya maji nayo ikavuja, injini ikachemka njiani. Dashibodi inawaka taa za kila rangi. Kaka yako anasema nyingine ni za uongo, ila hanionyeshi ni zipi.

Tukampata fundi umeme wa magari, mtu mwembamba wanayemwita Waya. Huyu hagusi gari la mtu kabla hujamletea daftari. Kila ubovu uandikwe: siku, saa, na mlikuwa mnakwenda wapi. Kaka yako alicheka, akasema yeye hajawahi kuliandikia gari barua ya mapenzi. Nikaandika mimi, maana humu ndani mwandiko unaosomeka ni wangu.

Kioo, mfuko, pampu, vyote Waya alivitengeneza. Kikabaki kimoja: siku nyingine injini inazunguka, inazunguka, haiwaki. Alibadilisha betri, akakagua nyaya mpaka chini ya zulia, wapi. Wiki iliyopita nilipompelekea daftari alilisoma amesimama, akarudi nyuma kurasa mbili, kisha akaniuliza taratibu.

"Mama, hebu niambie. Mkienda dukani linawaka?"

"Linawaka."

"Na siku ya safari ndefu?"

Nikatazama mwandiko wangu mwenyewe. Msiba wa jirani yetu wa zamani, halikuwaka. Kliniki ya goti langu kule hospitali ya mkoa, halikuwaka. Harusi ya mtoto wa dada yangu, halikuwaka.

"Gari halijui safari, mama," akasema, akanionyesha kijiti kidogo ndani ya kisanduku kilicho karibu na injini. "Hii ni fyuzi ya pampu ya mafuta. Kuna mtu anaichomoa ili mafuta yasifike kwenye injini, kisha anairudisha."

Nilidhani tuna adui. Nilimshuku hata mlinzi wa jirani, Mungu anisamehe. Jumamosi tulipanga kwenda kumwona mkwe wetu aliyefanyiwa upasuaji. Nikiwa nasuuza vikombe, nikamwona kaka yako kupitia dirisha, shati limepigwa pasi, anafungua boneti, anachomoa kitu, anakitia mfukoni. Akaingia ndani akifuta mikono. "Limegoma tena," akasema, na akalitukana gari kwa uchungu kabisa.

Nilikwenda chumbani nikalia, kisha nikaanza kuunganisha mambo. Ile jioni alipopanda ukingo wa barabara akasema usukani una shida. Namna anavyonitaka nimsomee vibao, eti nisisinzie. Ni macho yake, shemeji. Mtu aliyekula mshahara wa macho hayo miaka thelathini na tano, aliyekufundisha wewe kuendesha, ameona afadhali gari lake liitwe bovu kuliko yeye.

Sasa shida imekuwa wewe. Tangu uandike kwamba unakuja tarehe ishirini, amesema lazima akupokee mwenyewe uwanja wa ndege, mwendo wa saa tatu katikati ya malori. Nikamwambia kuna teksi. Akaniuliza tangu lini ndugu yake akapokewa na teksi. Asubuhi ya leo akavaa viatu, akasema twende tukaijaribu njia. Nikasubiri aende kwenye boneti. Hakwenda. Kwa ajili yako, safari hii hakuchomoa.

Basi nikachomoa mimi. Aliporudi ndani kuchukua kofia, nilivuta kile kishikio chini ya usukani, nikafungua boneti, nikaitoa fyuzi na kuitia mfukoni mwa gauni.

Aliwasha. Injini ikazunguka, ikazunguka. Akashuka, akafungua boneti, akalitazama lile tundu tupu. Kisha akanitazama mimi. Nilijiandaa kwa ngurumo. Akafunga boneti polepole, akazunguka, akaketi kiti cha abiria, mahali ambapo sijawahi kumwona katika gari lile. Mimi nikaketi nyuma, kwa kuwa sikujua pengine pa kwenda.

Waya amekubali kumwendesha kaka yako kwa gari hilohilo hadi uwanja wa ndege. Kurudi utaendesha wewe. Nakuomba usimwonee huruma usoni. Mwulize njia hata kama unaijua, na akikukaripia kwenye kona, nyamaza ukaripiwe.

Wasalimie mke wako, mapacha, na mama mkwe wako. Mwenyezi Mungu akuongoze hewani na ardhini, akujalie uzima kila utakaposhuka.

Kaka yako hajatuma salamu. Alichosema, tukiwa bado tumekaa garini, bila kugeuka, ni hiki: "Mwandikie mdogo wangu. Mwambie asisahau leseni yake."

Ni mimi, shemeji yako akupendaye na anayekusubiri.