Vifaranga Chumbani kwa Maharusi

Ghorofa ya pili, Nyumba za Wafanyakazi,
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao, ambaye bado anacheka peke yake kila akiitwa mke wa mtu. Goti lako linaendeleaje? Na Babu, kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima wa mwili, ila leo roho ziko juu juu.

Uliniuliza mume wangu anafanya kazi gani hasa, maana huko mmeshaambiana kuwa anauza samaki. Hauzi hata dagaa! Anatunza kanzidata, yaani ghala la habari kwenye mtandao, ambamo wataalamu wa kila nchi hutafuta picha za mayai na vifaranga wa samaki. Shangazi, kifaranga wa samaki hafanani na mzazi wake hata chembe. Ni kama uzi wa kioo wenye macho. Mpenzi wangu huutazama uzi huo akakutajia ukoo wake, na akieleza, macho yake yanang'aa mpaka nasahau chungu jikoni. Maharage tumeshayala ya kuungua mara kadhaa.

Sasa ndiyo shida. Mara tu baada ya harusi aliweka humo picha ya kifaranga, akaandika kuwa ni wa samaki aitwaye changu. Mama mmoja mtaalamu, wa mbali huko, akapinga: huyo ni chewa, samaki mwingine kabisa. Mkuu wa kazi akamwita mume wangu. Hakufoka, alisema tu, "Kijana, jina likikosewa hapa linanakiliwa dunia nzima. Nionyeshe samaki, usinionyeshe maneno." Na mume wangu bado yuko kwenye majaribio, Shangazi. Kazi ikienda, na nyumba hii inaenda.

Bahati nzuri ndugu wa kifaranga yule walikuwa hai bado. Maabara inapakwa rangi, na harufu yake ingewaua, kwa hiyo tangi lao liko chumbani kwetu, chini ya dirisha. Wakikua na kuota mwiba mrefu mgongoni, ni chewa. Wasipoota, mume wangu ameshinda. Kila asubuhi tunawachungulia kwa lenzi, mashavu yamegusana. Usicheke!

Leo umeme umekatika tangu alfajiri. Mashine ya hewa ya tangi kimya. Mume wangu akakimbia kuazima betri, nikabaki napuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, nikipokezana na jirani yetu, fundi cherehani.

"Bi harusi," akasema huku akitweta, "wewe umeolewa na mtu au na bwawa?"

Nikacheka, nikashika lenzi. Nikauona. Mwiba, mwembamba kama unywele. Na mwenzake anao, na yule mwingine pia.

Nikamwambia fundi maana yake. Akaiachia pampu. "Basi pumzika, mwanangu. Wakifa, nani atajua?"

Shangazi, niliitazama nyumba yangu, pazia uliloshona wewe, kitanda chetu. Kisha nikaichukua pampu nikaendelea. Fundi akasema, "Haya, sogea, zamu yangu."

Mume wangu aliporudi na betri nilimpa lenzi. Alitazama sana. Akawapiga picha, akaingia kwenye kanzidata kwa simu, akafuta jina la changu, akaandika chewa, na chini yake: "Kosa ni langu." Ndipo akauliza, "Umeuona lini huu mwiba?"

"Kabla hujarudi."

Akaitazama pampu, akaifungua mikono yangu iliyojaa malengelenge, akaibusu yote miwili. Sasa hivi ameingia kwa mkuu wake. Usinilaumu kwa mwandiko huu.

Wasalimie Babu, Binamu Mrefu na mapacha wa Mama Mdogo. Mungu akulinde, agange na goti lako. Kama barua ijayo itatoka anwani hii sijui. Ila fundi nimeshampa jibu lake: nimeolewa na mtu.

Wako akupendaye mpaka kalamu inatetemeka,
Bi Harusi wako.