Nyayo za Salma Roshanini

Wewe utakayeyaona haya daftarini mwangu, nakuomba kwa Mungu uyafiche, lisitoke hata neno moja.

Rangi kuukuu ya sakafu ya roshani ya Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, nimeikwangua mimi, kila nikitoka ofisini, mpaka mbao zikaonekana. Hamadi, mpwa wake, kaja leo tu, kunisaidia kupaka vanishi.

Tulipomaliza, yeye alipumzika kwenye mlango wa mbali wa roshani, mimi mlango wa karibu. Salma, binti yake Bi Zuhura, akatoka na gilasi moja ya sharubati. Akanipita mimi, akakanyaga vanishi mbichi mpaka kwa Hamadi. Nilitaka kumwonya, sikuweza.

Bi Zuhura akaziona nyayo. "Karani, ulikuwepo ukanyamaza? Ulimi nao umeupaka vanishi?"

Hamadi alicheka sana. Salma pia.

Kesho nizipige msasa. Nitazifuta kwa furaha, lakini naogopa Hamadi ataposa kabla yangu, na mimi bado...

Salma, ikiwa ni wewe unayesoma, chumba changu ni kile cha chini, mlango wa uani. Gonga taratibu. Kiu ningali nayo.