Safari ya Darasa la Sita Ambayo Sikwenda

Mpendwa Shangazi Chiu,

Naomba msaada, na naomba unijibu upesi, maana vyumba vya hoteli vinajaa na mke wangu amenipa mpaka Jumapili. Jina langu usilitaje, yeye ni msomaji wako wa siku nyingi, na majina mengine humu nimeyabadilisha ingawa anayetujua atatujua tu. Mimi ni fundi viyoyozi hapa Yunlin, nina miaka arobaini na minne, mke, watoto wawili, na mama yangu mzazi wa miaka sabini na minane tunayeishi naye.

Jambo lenyewe ukilitazama kwa juu linachekesha: likizo hii ya baridi, kabla ya Mwaka Mpya, kati ya bustani mbili za burudani, twende Bonde la Vipepeo au Ghuba ya Mawimbi? Mke wangu Pei-shan anataka Bonde, mimi nataka Ghuba, na watoto wako upande wangu, kwa sababu Ghuba wana lile treni jipya la kuwageuza watu kichwa chini miguu juu, na bwawa la maji moto lenye mawimbi, na Bonde, kama anavyosema binti yangu Yun-jie, "ni pa wazee kwenda kulia." Nimepiga kampeni kuliko diwani. Nimebandika picha za Ghuba kwenye friji, nimesema hoteli ya Bonde inanuka unyevu, nimesema kule vilimani kuna utelezi na mama ana magoti mabovu, na juzi nikafika mahali pa kusema mgongo wangu hauwezi kupanda boti. Mke wangu akaweka mwiko chini akanitazama.

"Mgongo uliobeba kiyoyozi jana mpaka ghorofa ya nne, leo hauwezi boti?"

"Boti linashtua."

"Baba Yun-jie, sema tu. Pale ndipo tulipoanzia mimi na wewe. Hutaki kurudi?"

Shangazi, sitaki kurudi kwa sababu sijawahi kwenda. Hakuna binadamu niliyewahi kumwambia maneno haya.

Unajua safari ya kumaliza darasa la sita ilivyokuwa kwa rika letu. Shule yetu walikwenda Bonde siku mbili, wakalala huko, na waliporudi hapakuwa na mazungumzo mengine mpaka tunahitimu, na mimi nilikaa katikati yao nikasikiliza kila neno. Ndiyo maana najua kuhusu boti jekundu lenye kichwa cha joka linaloporomoka na kuwalowesha wa mbele, najua rafiki yangu Tiong alitapika ndani ya kofia ya mwalimu, najua walipewa wali wa sanduku uliopoa na paja la kuku na nusu yai, najua walikaa vitandani wakitafuna tambi kavu na kupigiana simu chumba kwa chumba mpaka mwalimu Lu akaja na rula, na najua mwalimu Lu huyohuyo, ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake, alicheza kuuzunguka moto wa kambi amefunga sweta kiunoni. Tiong aliniletea kishikio cha funguo chenye kipepeo. Ninacho mpaka leo, nimekitumia miaka yote kama ushahidi.

Na ajabu, Shangazi, ni kwamba ninapakumbuka kule. Nikifumba macho naliona lango la mianzi na nasikia yale maji, na moyo unaniuma kwa hamu ya mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Sijui kama kuna ugonjwa wa namna hiyo.

Sikwenda kwa sababu ya mama. Baba alikuwa amefariki miezi saba kabla, pikipiki yake iliteleza kwenye mvua ikaingia chini ya lori, na tangu siku ile mama alikuwa akisikia breki barabarani anaacha anachofanya. Karatasi ya ruhusa ilipokuja akasema, "Tumuulize baba yako." Akawasha udi mbele ya picha yake, akashika sarafu mbili, akauliza, "Baba watoto, mtoto aende?" Kila mtu anajua, zikilala moja uso juu na nyingine uso chini, marehemu amekubali. Mimi nilikuwa mlangoni. Zilirushwa, na niliona kwa macho yangu mawili, moja juu, moja chini. Baba alisema niende! Lakini mama akaziokota haraka akasema, "Hii haihesabiki, imegonga mguu wa meza," akarusha tena, zikakataa, akarusha tena, zikakataa, akarusha mara ya tatu, zikakataa, akapiga magoti akashukuru. Mimi nikageuka nikajifanya natafuta ndala zangu.

Siku ya safari tulikuwa shambani tunang'oa vitunguu saumu na mabasi matatu yakapita barabara ileile iliyo kando ya shamba letu, watoto wanaimba, na mimi nikalala kifudifudi kati ya matuta ili wasinione. Mama aliendelea kung'oa. Mpaka leo hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo.

Uongo ulianza jeshini, ambako kila kijana alikuwa anasimulia safari yake ya darasa la sita, nami nikasimulia ya Tiong kuwa yangu, na walicheka mno. Kisha nikakutana na Pei-shan, na kumbe shule yao nayo ilikwenda Bonde majira yaleyale, yeye alipanda boti lile mara nne, akaniambia, "Huenda ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni!" Nami, mjinga wa mapenzi, nikasema, "Ulikuwa umesuka nywele mbili?" Shangazi, wasichana wote wa miaka ile walisuka nywele mbili. Tangu hapo ndiyo hadithi ya ndoa yetu. Picha yake ya darasa iko sebuleni, na yangu nilisema ilichukuliwa na mafuriko ya kimbunga. Kwenye harusi mshereheshaji aliisimulia kwa kipaza sauti mbele ya meza arobaini, watu wakapiga makofi, na mimi nikamtazama mama. Alikuwa ameshika vijiti vya kulia hewani. Akavishusha, akanichotea shavu la samaki, nyama iliyo tamu kuliko zote, akaniwekea kwenye bakuli, akaendelea kula.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Jumapili iliyopita tulikuwa tunabishana mezani, mwanangu mdogo Shao-chi anapiga kelele "Ghuba! Ghuba!", na mama, ambaye hata kwa dada yangu aliyeko Changhua haendi kwa sababu ya barabara, akasema, "Bonde."

Wote tukamgeukia. Pei-shan akasema, "Mama, na wewe unakwenda?"

"Nakwenda."

"Bibi, kule kuna ngazi mia!" akasema Yun-jie.

"Nitapanda mojamoja. Una haraka gani wewe?"

Hakunitazama. Ninaogopa, Shangazi. Pale langoni Pei-shan ataniambia niwaonyeshe watoto mahali niliposimama kwenye picha, na mama atakuwa kando yangu. Labda amechoka na uongo wangu anataka kuniumbua. Nikisema ukweli, ninaivunja hadithi ya mke wangu na kumwaibisha mama mbele ya wajukuu. Nikishikilia Ghuba, kura ni tatu kwa mbili na mambo yamekwisha. Nifanyeje?

Ni mimi,
Msafiri Hewa, Yunlin

*

Msafiri Hewa,

Kwanza achana na mgongo wako, umeshakuaibisha vya kutosha. Kisha ondoa zile picha kwenye friji. Kura tatu kwa mbili! Kura mbili katika hizo umezihonga kwa treni la kupinduka, na ya tatu ni ya mtu mwoga. Nyumba haiendeshwi hivyo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili niliisoma polepole, kwa sababu umenikumbusha mbali. Sisi wa zamani zaidi hatukuwa hata na Bonde. Tulipelekwa kwa treni kutazama bwawa na kiwanda cha sukari, tukapewa kila mtu barafu ya kijiti ya maharage mekundu, na ninavyokuandikia hapa ladha yake iko ulimini. Kwa hiyo sitakucheka kwa kutamani. Mtoto aliyeachwa nyuma huikumbuka safari kuliko waliokwenda, maana wao walikuwa wanacheza na yeye alikuwa anahifadhi.

Lakini kukukaripia nitakukaripia. Kwa mkeo umekosa. Si kosa la kuvunja nyumba, ila ni kosa, kwa sababu miaka yote hii umemwacha ashike hadithi peke yake akidhani mmeishika wote wawili. Na usijidanganye kwamba hashuku kitu. Kimbunga kile kimechukua picha za wanaume wengi, na wake zao wanajua. Mwambie leo, nyumbani, mkiwa wawili, watoto wakiwa shule. Usizunguke. Sema, "Sikuwa nyuma yako kwenye foleni, nilikuwa shambani." Akikasirika siku tatu, hizo ni haki yake, osha vyombo. Akilia, usimwambie ni jambo dogo. Atakuwa anampoteza mvulana aliyemzoea. Mpe badala yake yule wa kweli, aliyelala kifudifudi kati ya matuta, kisha akajifunza kila kitu kwa moyo ili asipitwe. Mimi nadhani atampenda huyu zaidi, lakini hilo ni lake kuamua.

Sasa tuje kwa mama yako, na hapa ndipo uliponikera. Umenieleza boti ambalo hujalipanda kwa mapana na marefu, kichwa cha joka na maji yake, halafu mama yako unamtaja mwishoni kwamba labda anataka kukuumbua. Kukuumbua! Mwanamke aliyenyamaza mbele ya meza arobaini, akakuchotea shavu la samaki, asubiri miaka yote hii aje akuumbue kwenye ngazi za Bonde? Una akili za wapi wewe?

Baba yako alisema nini siku ile, mimi sijui, na sitathubutu kumsemea marehemu. Najua tu nani alikuwa anauliza. Alikuwa mjane wa miezi saba, amepoteza mmoja barabarani, na barabara ileile inakuja kumwomba wa pili. Angerusha zile sarafu mpaka usiku. Na alijua uko mlangoni, mwanangu. Hakuna mama asiyejua mtoto wake amesimama wapi. Alijua umeona, na alikuona ulipojilaza shambani, na harusini alisikia umejitungia safari ambayo yeye alikunyima. Wewe ulidhani siri ni yako. Yeye ameibeba kabla yako, na yake ni nzito zaidi, kwa sababu wewe ulikosa tu, yeye ndiye aliyekosesha.

Bibi wa miaka sabini na minane, mwenye magoti mabovu na hofu ya barabara, hapandi milimani kwa ajili ya boti. Anataka kukupeleka. Hajui namna nyingine ya kuomba radhi, na kwa kizazi chake hiyo ndiyo radhi kubwa kuliko zote. Na wewe uko jikoni unapigania bwawa la mawimbi mwezi wa baridi!

Basi fanya hivi. Ukishamaliza na mkeo, piga simu Bonde ulipie vyumba. Kabla ya safari, mkae wawili wewe na mama yako mkimenya chochote kinachomenywa kwenu. Sarafu usizitaje. Umwambie maneno haya tu: "Mama, nilitamani sana kwenda." Usiongeze "lakini yamepita." Wacha yasimame hivyohivyo. Akisema, sikiliza. Akinyamaza, mjazie chai, kunyamaza kwake ni kusema. Watoto waelezwe kwamba baba yao hajawahi kufika na anakwenda mara ya kwanza. Watakutania mwaka mzima, utavumilia. Langoni Pei-shan ndiye atakayewatembeza, yeye anapajua. Wewe kaa na mama yako, ngazi mojamoja, na mkifika kwenye boti akitaka kukushika mkono mbele za watu, usijifanye mtu mzima.

Yun-jie na Shao-chi watanuna kwa ajili ya Ghuba, na wana haki, umewaahidi kwa picha. Waambie ni mwakani. Mama yako usimwambie mwakani.

Shangazi Chiu