Kura Niliyomchagulia Kaka Yangu

Mpendwa Bi Zainabu,

Mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri. Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, maana jambo hili nimelibeba karibu miaka miwili na hapa Doha sijamwambia mtu, hata Jebet ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye mimi namjua mpaka majina ya ng'ombe wa kwao.

Mimi ni Msomali niliyekulia Kenya. Tulitoka Kismayo mwaka wa tisini na moja, mimi nikiwa na miaka minane na kaka yangu Liban kumi na mmoja, tukafikia kambi ya Utange kule Mombasa, ndiyo sababu Kiswahili kimenikaa mdomoni kuliko lugha ya mama. Baba alifariki tukiwa kambini, mama akatuhamishia Eastleigh, Nairobi, akatulea kwa kibanda cha vitambaa. Mwaka 2005 Liban alipata kazi Doha ya kuendesha basi la wafanyakazi, mwaka uliofuata akanitafutia nafasi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Al Sadd, na hapo ndipo yalipoanza maisha ambayo mpaka leo nayatamani.

Doha ile haikuwa hii, Bi Zainabu. Lusail, ambako leo kuna maghorofa, ilikuwa mchanga tu, tulikuwa tunakwenda huko Ijumaa jioni kwa gari la Douglas, dereva mwenzake Liban, kukaa tu na kutazama maji. Al Mansoura kulikuwa na kafeteria ya Mmalabari mmoja wa India, tulikuwa tunakutana pale baada ya swala, Wakenya, Waganda, Wazanzibari na sisi, tunakunywa karak, ile chai nzito ya maziwa, na kubishana siasa mpaka mwenye kafeteria anatuomba tupunguze sauti. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na pa kupigia kura, si huku wala kwetu, lakini ungetusikia ungedhani nchi zote zinatungoja sisi. Liban ndiye aliyekuwa mwanasiasa wetu. Alikuwa anasimama na kikombe mkononi, anasema, "Marehemu baba yangu alitufundisha hivi: chama kizuri ni kile kinachomwachia mtu dini yake, duka lake na watoto wake." Watu wanampigia makofi, na mimi nakaa pale najivunia baba, najivunia na kaka.

Mwaka 2009 Liban alioa msichana wa Kisomali mwenye uraia wa Marekani, akahamia kwake Columbus, Ohio. Siku ya kuondoka alinishika mkono pale uwanja wa ndege akaniambia, "Abaayo, dada yangu, nikipata makaratasi, mama ndiye wa kwanza." Na kweli, alipopata uraia hakuchelewa, alimwombea mama ruhusa ya kuhamia kule, fomu zikaenda, miaka ikapita, na mwishoni mwa 2016 mama aliitwa ubalozini Nairobi akahojiwa, akaambiwa asubiri kidogo tu. Alifurahi, akamwachia jirani kibanda chake, akafunga mizigo.

Sasa nikuambie kosa langu. Oktoba ya mwaka huohuo, wiki chache kabla ya uchaguzi wa kule, Liban alinipigia. Alisema msikitini kwao watu wamegawanyika. Wengi wanasema Mwislamu na mhamiaji hana chama isipokuwa kile cha Demokrati, kwa sababu ndicho kinachomtetea mgeni. Yeye alikuwa amechoka nacho. Alisema, "Hawa wanakuja na tabasamu kila miaka minne, wanakula sambusa zetu, wanaondoka. Na watoto wangu wanafundishwa shuleni mambo nisiyokubaliana nayo. Republican wanazungumza dini, familia, biashara ndogo. Mimi nina lori langu moja, kodi inanimaliza."

Nikamwambia, "Lakini mgombea wao si amesema Waislamu wazuiwe kuingia?"

"Amesema. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Baba angemchagua nani?"

Bi Zainabu, nilikuwa nimetoka kazini, nimevua viatu, na aliposema baba niliirudia kafeteria ile yote, na Kismayo nisiyoikumbuka vizuri, na sikufikiri tena. Nikamwambia, "Yale ya mgombea ni maneno ya kampeni. Dini, duka na watoto. Mfuate baba." Akapiga kura hivyo, akawashawishi na wanaume wawili wa msikitini.

Mgombea yule akashinda, na Januari ikatoka amri kwamba wenye pasipoti za nchi kadhaa wasiingie Marekani, na Somalia ikawamo. Mahakama zikasimamisha, ikaandikwa upya, ikasimamishwa, ikaandikwa tena, mimi niliacha kuhesabu, nilichojua ni kwamba mama yuko Eastleigh amekaa juu ya mizigo na kibanda hana.

Liban alibadilika. Msikitini kuna watu hawaitikii salamu yake, mkewe anawapeleka watoto msikiti mwingine. Juni 2017, majirani walipoifungia Qatar mipaka na sisi tukakimbilia madukani, alinipigia akauliza, "Mna maziwa?" tukacheka kidogo kama zamani, nikamuuliza, "Na mama umempigia?" akakata simu. Tangu siku hiyo ni ujumbe mfupi tu. Mama huniuliza kila Ijumaa, "Liban ana nini? Nimemkosea wapi?" Namjibu yuko safarini na lori.

Wiki iliyopita akapiga. Hakunisalimia vizuri. Alisema, "Mwezi ujao kuna kura tena, ya gavana na wabunge. Nipe chama, abaayo. Ukisema nisipige kabisa, sipigi." Nilikata simu, na tangu siku hiyo natafuta maneno ya kukuandikia.

Nimwambie chama gani? Kipi hasa kinatufaa watu kama sisi? Na mama nimweleze kwamba mimi na Liban tuliuchagua mkono uliomfungia mlango, au nife nalo?

Mimi H., Al Mansoura, Doha.

*

Mwanangu H.,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Mimi nami nilikunja mashuka ya hoteli hapo Doha, najua utamu wa kikombe cha Ijumaa na watu wa kwenu. Pole. Lakini sitakubembeleza kwa kila kitu.

Kwanza, jivue cheo usichopewa. Amri ile iliandikwa na wakubwa wenye kalamu, haikuandikwa na kura ya dereva mmoja wa lori na rafiki zake wawili. Liban asingepiga kura, au angepiga kwingine, mama yenu angekuwa palepale alipo. Hatia uliyojitwika ni kubwa kuliko mwili wako, na mtu akijitwika hatia kubwa hivyo huwa hana nafasi ya kuiona ile ndogo iliyo yake kweli.

Iliyo yako ni hii. Kaka yako alikuuliza swali la watu walio hai, wewe ukamjibu kwa mapenzi ya marehemu. Mgombea alikuwa amesema kwa kinywa chake atakalolifanya, wewe ukasema ni maneno tu. Mtu akikuambia atakufungia mlango, msadiki, hata kama kabla ya hapo amekusifia ibada yako. Chama kinachohubiri familia kisha kikamtenga mama na mwanawe, Liban ana haki ya kukiuliza familia ya nani.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukafunga macho. Aliyosema kaka yako kuhusu wale wa sambusa yana ukweli wake pia. Anayejua huna pa kwenda hana haja ya kukusikiliza. Wewe unaniuliza chama gani kinawafaa Waislamu na Wasomali waliohamia huko. Nami nakwambia, kura si mahari, kwamba ukishaitoa umeoa. Mwenye lori ana shida zake, mwenye mama nje ana zake, mwenye watoto shuleni ana zake, na Liban ni wote watatu. Wanaoomba ugavana na ubunge wana majina na ofisi. Aende awaone. Aulize nani alikuja msikitini mwezi wa tatu, kusipokuwa na uchaguzi, na nani alisimama hadharani kusema neno amri ile ilipotoka. Akishajua, achague mwenyewe, na wewe usimpe jina la chama hata akikulilia. Kususa asisuse. Anayesusa huachiwa njaa yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hamjaliona nyote wawili, na hapa ndipo ninapokasirika. Miaka tisa mnangoja mama aingie Marekani. Je, Liban hawezi kutoka? Si ana pasipoti? Mlango uliofungwa ni wa mama kwenda kwake. Wa yeye kwenda kwa mama uko wazi tangu alipopata uraia, na hajaupita, kwanza kwa kungoja fomu, kisha kwa aibu. Amri ya serikali haikumzuia kupiga simu.

Kwa hiyo fanya hivi. Likizo yako ya mwaka huu usiiuze. Mpigie Liban kesho, mwambie unakwenda Eastleigh mwezi wa kumi na mbili na yeye akate tiketi. Mama mtamweleza ana kwa ana, mkiwa wawili, mchana, baada ya kula. Habari kama hii haisemwi kwenye simu. Na mizigo ile ifungueni, mama apate pa kukaa. Mwenye kuishi juu ya sanduku haishi.

Ukishatoka huko niandikie.

Bi Zainabu

*

Bi Zainabu,

Ulisema nikuandikie. Nimerudi Doha juzi.

Liban alikataa kwa siku tatu, siku ya nne akanitumia picha ya tiketi. Mimi nilitangulia, yeye akafika mwishoni mwa Desemba, tukampokea na mama uwanjani Nairobi. Amekuwa na mvi. Mama alimtazama juu mpaka chini, akamvuta kichwa akambusu kwenye paji la uso, akasema, "Umekonda. Huyo mke wako hapiki?" Kaka yangu alilia pale mbele ya watu wa teksi.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana tulimwambia. Nilianza mimi, nikasema swali alilouliza Liban na jibu nililompa, sikuacha kitu. Mama alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Nalijua tangu mwezi ule wa kwanza. Habari ya Columbus hufika Eastleigh kabla ya jioni. Mke wa huyo mmoja aliyeshawishiwa ana dada hapo ghorofa ya pili."

Liban akamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilingoja mseme nyinyi. Nilidhani mnanikimbia mimi, kumbe mnakimbiana." Kisha akauliza, "Na hayo ya baba yenu mmeyatoa wapi? Dini, duka, watoto. Hayo alikuwa akiyasema jirani yetu mwenye duka la sukari. Baba yenu hakuwahi kupiga kura hata siku moja, na siasa ikianza alikuwa anatoka nje."

Tulitazamana na Liban, tukaanza kucheka, na nilipokuwa nacheka niliona kitu kinanitoka, sijui nikiite nini, kwa sababu baba yule wa kafeteria nilimpenda na sasa sina. Jioni mama alitueleza baba wa kweli, mtu mkimya aliyependa kupiga pasi mashati yake mwenyewe. Nimeanza kumzoea.

Liban aliniambia Novemba alipiga kura. Hakunitajia chama, nami sikuuliza. Jirani amekubali mama arudi kibandani, wagawane nafasi. Fomu za mama bado ziko zilipo.

Siku ya kuondoka, mizigo ikiwa mlangoni, Liban alimuuliza, "Hooyo, uchaguzi ukija tena nimchague nani?"

Mama akamwambia, "Mimi vyama vya huko sivijui. Jina langu nalijua. Akija mtu kukuomba kura, mwambie aliandike mbele yako, lote, mpaka la babu. Halafu rudi kwake baada ya mwezi umuulize amefanya nini."

Liban akatoa kalamu, akamwomba mama alitamke polepole, akaliandika yeye kwanza.

H.