Chupa Zangu na Daktari wa Ini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Leo nimeliona ini langu! La ndani, na mwenyewe bado mzima! Hospitali ya Msambweni, Daktari Jemima kanipaka kitu baridi kama uji tumboni, kapitisha kidude — hilo hapo kwenye skrini. Nikivuta pumzi linashuka, nikitoa linapanda. Kama pweza kajificha mwambani. Nikamwambia daktari alisalimie. Kacheka mpaka kidude kikamteleza.

La dada yangu mdogo, Sidi, limekauka, gumu. Macho ya njano, tumbo limejaa maji. Limeanzia nini, hata daktari hajajua. Nikifaa, watanikata kipande huko Nairobi wamtie yeye. Na changu kitaota tena! Mjusi na mkia wake! Miaka arobaini na moja natembea na muujiza chini ya mbavu, sina habari.

Alhamisi, 12 Juni
Stendi ya Ukunda, na chupa zangu za dawa chungu. Mizizi nachemsha mwenyewe. Harrison fundi bomba: "Onja kwanza wewe, usije ukaniua bure." Nikaonja. Ndiyo kazi yangu — kila mteja, kifuniko kimoja, kisha natabasamu meno yote. Miaka sita sijaumwa hata kichwa!

Jumatatu, 16 Juni
Nimetolewa damu. Elijah, nesi, kanihadithia habari za daktari. Ni wa Kinango, mtu wa huku huku! Kaanza kazi Vanga. Watu wanaletwa matumbo yamejaa, wanakufa, hakuna ajuaye kwa nini. Kila mmoja akamwandika jina kwenye daftari jekundu. Akaenda ng'ambo kusomea kubadilisha maini, akarudi. Miaka ishirini na miwili — ini tu! Na daftari bado analo, nimeliona mezani. Mimi niliishia la nne. Mwenzangu anamrudisha mtu kutoka mlangoni mwa kaburi. Mungu ana watu wake.

Jumatano, 18 Juni
Damu yangu mbaya. Daktari anasema ini limekasirika. Je, nakunywa kitu? Pombe? Dawa za miti?
"Chai tu, daktari."
Ini lisipotulia hanikati, hawezi kuua mmoja aponye mmoja. Na ndugu mwingine hatuna.
Njiani Sidi: "Kaka, mbona hukumwambia zile chupa?"
"Nikimwambia nitauza nini?"
Nikatafuta mzaha. Haukuja.

Alhamisi, 19 Juni
Nimebeba kreti zima mpaka mezani kwake. Shikamoo hata sikumaliza — nikasema yote. Nikangoja matusi.
Hakunitukana! Kafungua chupa, kanusa, macho yakawaka. Mizizi gani? Nachemsha muda gani? Ana wagonjwa kumi na mmoja, kila kipimo kawapima, maini yao hajayaelewa mpaka leo. Huenda jibu limo humu, huenda halimo. Kwa vyovyote niache kuonja, baada ya wiki sita atanipima tena. Kisha akavuta daftari jekundu, ukurasa mtupu.
"Nitajie waliokunywa. Anza na wa kwanza kabisa."

Wa kwanza kabisa hakununua. Nilimpa bure. Alikuwa analalamika uchovu tu, nikamwambia kunywa hii, mdogo wangu, utapata nguvu. Chupa kila wiki. Kwa mapenzi.

Nimeomba nitoke nivute hewa. Naandika hapa kwenye benchi, daftari langu gotini. Sidi, aliyekuwa akiningoja, kaniegemea bega, kasinzia. Mwepesi kama kanga.
Mlango uko wazi. Daktari ananiita, kalamu bado mkononi —
"Dzombo? Wa kwanza ni nani?"