Kuku Ndani ya Boksi la Viatu

Chicago, 9 Machi 1984

Shangazi Odessa mpendwa,

Magoti hayajambo? Huku theluji bado inatutesa.

Jana niliwafundisha wanafunzi wangu jinsi watu weusi tulivyohama kutoka Kusini kuja huku Kaskazini. Nikawapelekea kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, kama ulivyotufungia wewe tulipopanda treni kutoka Mississippi. Walilamba hadi vidole!

"Mwalimu, kwani treni haikuwa na behewa la chakula?" akauliza Lavonne.

"Lilikuwepo. Shangazi aliniambia chakula chao hakina chumvi. Kumbe weusi tulikatazwa kuingia."

"Basi alikudanganya!"

"Alinidanganya. Nikafika Chicago nimeshiba, nikiwaonea huruma wazungu kwa chakula chao kisicho na chumvi."

Mtoto wako,
Earlene